Kisima Kilichozibwa kwa Miiba

Maji ya Musab yalikuwa baridi. Ilikuwa saa nane ya mchana, siku ya tano ya safari yao ya baiskeli, katika nchi kavu baina ya Ijara na Bodhei ambako hata kivuli cha mgunga kilikuwa na joto. Chupa ya Rawiya ilikuwa imepata moto hadi plastiki ikalegea mkononi. Chupa ya mumewe, iliyofungwa kwenye baiskeli chini ya jua lile lile, ilikuwa ikitoka jasho kama iliyotolewa kwenye friji sasa hivi.

Rawiya aliigusa, akashangaa, akaifungua anywe. Harufu ikamwahi kabla ya maji. Haikuwa kali. Ilikuwa harufu ya kitambaa kilichofutiwa samaki kikasahauliwa ndani ya ndoo yenye kifuniko. Akaifunga chupa, akauliza maji yale yametekwa wapi. Musab alimjibu bila kumtazama kwamba ni ya kisima cha wafugaji, aliyoyaleta asubuhi wakati yeye Rawiya akiziba pancha, na kwamba maji ya bara yote yananuka. Kisha akaitwaa chupa na kuinywa yote kwa mkupuo mmoja, macho ameyafumba, na alipomaliza akaulamba mdomo wa chupa, ndani na nje, taratibu, kama mtoto anavyolamba sufuria ya halua.

Rawiya alitazama pembeni. Hakujua kwa nini.

Hawakuwa watu wa bara wao. Rawiya alikuwa muuguzi na mkunga katika zahanati ya kisiwa cha Kiwayu, na Musab alikuwa mwana wa mtaa wa Mkomani, fundi wa kuchonga milango, mtu msafi ambaye alinawa mikono kabla hata ya kushika patasi. Lililowatoa nyumbani ni kifo cha mzazi mmoja aitwaye Sundus. Alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, mtoto amekaa vibaya, na boti ya kuazima iliyompeleka hospitali ikazimika mashine katikati ya maji. Sundus alikata roho kichwa chake kikiwa mapajani mwa Rawiya, na mtoto akamfuata hata hawajaona nchi kavu. Tangu siku ile Rawiya aliapa kwamba Kiwayu itapata boti yake yenyewe ya kubebea wazazi. Musab ndiye aliyefikiria baiskeli. Wangetoka Garissa mpaka Mkokoni, pwani inayoelekeana na Kiwayu, kwa siku kumi, na watu wangewafuata kwenye simu na kuchangia kwa kila kilomita. Sharti lilikuwa moja, nalo lilitangazwa waziwazi: wote wawili wafike, na wafike kwa miguu yao. Wakipanda gari hata hatua moja, hakuna boti.

Kwa hiyo siku ile Rawiya alipanda baiskeli yake, wakaendelea.

Siku ya sita Musab hakula. Alipewa tende akazikataa, akapewa mkate wa mofa waliofungasha kutoka nyumbani akasema unamkwaruza koo. Alikunywa tu. Chupa zake nyingine tatu zilibaki baridi, na kila alipozifungua nzi walitokea mahali ambapo hapakuwa na nzi, wakamkaa mdomoni, naye hakuwapunga. Lakini nguvu alikuwa nazo. Alikanyaga pedali kwenye mchanga mzito kama anayeteremka mlima, akimwacha mkewe nyuma, na aliposimama kumngoja hakuhema hata kidogo.

Jasho lake likabadilika. Rawiya alimshika mkono kumsaidia kuinua baiskeli, mkono ukamteleza. Akautazama ute uliobaki kiganjani mwake: mzito, wa kijivu, wenye kuvutika kama ule wa samaki mkunga aliyetoka kuvuliwa. Alijipangusa kwenye mchanga, akajipangusa tena kwenye leso yake, na kwa saa nzima baadaye aliendesha akiwa ameuweka mkono ule mbali na mwili wake, kana kwamba si wake. Kisha akaona aibu. Alikuwa ameshika damu za watu, matapishi ya watu, kondo za nyuma zilizooza, na hakuwahi kumwonea mgonjwa kinyaa. Huyu alikuwa mumewe wa miaka saba.

Siku ya saba zikaanza nyayo. Mwanzo alidhani ni tairi lake la nyuma linapwaya, kwa sababu sauti ilikuwa pale pale nyuma yake, chwa, chwa, chwa, kama mtu anayetembea pekupeku kwenye ukumbi uliomwagwa maji. Lakini alipoacha kukanyaga sauti iliendelea hatua mbili ndipo ikanyamaza, na alipogeuka akaona, juu ya mchanga uliokuwa ukimeta kwa joto, nyayo za mguu wa mtu mzima, ndefu, zilizolowa, zikikauka moja baada ya moja kutoka ile ya mbali mpaka ile iliyokuwa karibu zaidi, iliyokuwa hatua tatu tu kutoka kwenye baiskeli yake. Alisoma Ayatul Kursiyyu moja kwa moja bila kupumua. Hakugeuka tena. Sauti iliwafuata mchana kutwa.

Jioni ile walikutana na mama mmoja wa Kisomali na mbuzi wake. Rawiya alimwamkia na kumwomba maji. Yule mama alikuwa tayari ameshakishusha kibuyu begani, lakini Musab aliposogea, mbuzi wote waligeuka kwa pamoja wakarudi walikotoka. Mama akajifunika pua na ushungi wake. Alimwangalia Musab tumboni, akamwangalia Rawiya kwa huruma, akakiacha kibuyu chini na kwenda zake, akikataa kwa mkono asirudishiwe.

Hapo ndipo Rawiya naye alipoliangalia tumbo la mumewe. Fulana ilikuwa imembana. Mtu ambaye hajala siku mbili alikuwa na tumbo limesimama, duara, na ngozi yake imevutika hadi ikang'aa. Walikaa kwenye mkeka. Rawiya alijikaza, akaiinua fulana, akaweka viganja vyake viwili kama alivyozoea kuwapima wazazi wake zahanati, mmoja chini na mmoja juu. Ngozi ilikuwa baridi, yenye utelezi. Kitu kikageuka ndani. Kikasogea polepole, kikaja kukaa chini ya kiganja chake cha kulia, kigumu, cha mviringo, halafu kikampiga teke.

Alikuwa amepima maelfu ya matumbo. Alijua kichwa kiko wapi.

"Niambie kile kisima kilikuwaje," alisema.

Musab aliishusha fulana. Aliposema, pumzi yake ilimfanya Rawiya ageuze uso.

"Kilikuwa kimezibwa. Kwa miiba, na yuu ya miiba wameweka mawe."

"Nawe ukaiondoa."

"Nalikuwa na kiu, Rawiya. Mayi yangu yalikuwa yamekwisha. Nikaona tukirudi nyuma tumepoteza siku nzima, na wewe utasema tuite gari."

Kisha akamweleza yote, kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyeiba. Maji yalikuwa karibu na ukingo, meusi, na juu yake kilielea kitu cheupe kama kamasi, kinene, chenye nywele chache ndefu. Alikisukuma pembeni kwa kopo akajaza chupa zake. Halafu kiu ikamzidi, akainama akanywa kwa mdomo kama mnyama, hata bismillahi hakusema, na alipokuwa akinywa kitu laini kikamwingia kinywani, ukubwa wa yai la kuku. Hakukimeza. Kiliteremka chenyewe. Alikisikia kikijishikiza kooni, mahali baada ya mahali, mpaka chini.

"Nilitaka kutapika," alisema. "Lakini kilikuwa kitamu. Sijapata kuonja kitu kitamu kama kile."

Rawiya aliinuka, akaenda nyuma ya kichaka, akatapika tende zote alizokula. Hakujua kilichomchafua moyo zaidi ni kile kitu au ni siku tatu ambazo mumewe alikuwa nacho tumboni, akimdanganya, na bado akimwita mke wangu.

Siku zote zilizobaki zilikuwa za msituni, na gari la askari liliwasindikiza kama ilivyopangwa. Askari walifunga vioo. Hawakuuliza kitu, ila mmoja wao alimwita Rawiya kando na kumwambia kwamba kama mumewe ana kidonda kilichooza, wako tayari kuwapakia wote wawili wakati wowote. Rawiya alifikiria boti, akamfikiria Sundus. Alimwendea Musab akamuuliza, na Musab, ambaye sasa hakuweza kuinama kushika usukani kwa ajili ya tumbo, alisema kwamba hawezi kuwa amebeba uchafu huu bara nzima kisha afike kwa watu bila kitu. Akaendesha ameketi wima, miguu kaitanua, ute ukimdondoka kutoka kitini mpaka kwenye mnyororo, na nyuma yao, nyuma hata ya gari la askari, chwa, chwa, chwa, hatua zile hazikuchoka.

Waliingia Mkokoni siku ya kumi kabla ya adhuhuri. Wanawake walikuwa wamejipanga na vigelegele, na vikaanza, vikafifia, kwani upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande wa wasafiri. Musab alifika pale ilipofungwa kamba, akaikata kwa kifua, akaanguka na baiskeli yake. Watu walirudi nyuma. Aliyekwenda mbele alikuwa mmoja tu, Mwalimu Gharib, fundi wa mashine za boti, ambaye pia husomea wagonjwa. Bwana mnene mwenye kucha nyeusi kwa grisi. Alimtia Musab begani kama gunia, akamwambia Rawiya amfuate, akawaomba wengine wakae mbali na nyumba yake.

Alimlaza kwenye kitanda cha kamba. Akanawa mikono kwa sabuni mara tatu, akachukua sahani nyeupe ya kombe na wino wa zafarani, akaandika aya, na huku akiandika Rawiya alimsimulia yote. Mwalimu hakumkatiza. Akatia maji kwenye sahani, maandishi yakayeyuka yakawa kombe la kunywa, la manjano, akachoma ubani, lakini ubani wenyewe ulishindwa. Ulipanda na kurudi, ukachanganyika na ule uvundo ukawa mbaya zaidi. Alisoma. Akamwita aliyemo ndani ya Musab kwa jina la Mola, ajitaje na aseme anataka nini. Musab alikaa kimya, tumbo likicheza. Mwalimu akaita mara ya pili. Mara ya tatu ikajibu sauti ya mwanamke, kavu, iliyochoka, na haikutoka kitandani. Ilitoka mlangoni, upande wa nje.

"Mimi simo humo. Mimi niko nde."

Mwalimu Gharib aliacha kusoma. Miaka yote aliyosomea watu, hakuwahi kujibiwa kutoka huko. Aliugeukia mlango, akauliza amemfuatia nini mja huyu wa Mungu.

"Amemnwa mwanangu pamoya na mayi," ilisema sauti.

Chini ya mlango maji meusi yalikuwa yakipenya, yakitambaa sakafuni. Sauti ikaendelea bila hasira, na hilo lilimtisha Rawiya kuliko kama ingepiga kelele. Ilisema kwamba wafugaji waliziba kisima kwa miiba kwa sababu yeye aliwaomba, apate sitara ya kuzaa. Alikuwa ametoka kumzaa, yuko chini kabisa, hana nguvu ya kupanda, wakati mtu alipoiondoa miiba akainamisha kinywa. Siku tano amewaandama kwa maguu.

"Nipani mwanangu akiwa hai. Akifa humo, huyu namtwaa mimi, na sitamla kwa haraka."

Mwalimu alimtazama Rawiya. Kazi yake ilikuwa kutoa majini, wakubwa kwa wadogo, na alikuwa akiwatoa kwa kuwachoma kwa aya. Alisema hajui namna ya kumtoa aliye mchanga bila kumuua. Rawiya alijibu kwamba yeye anajua. Aliomba mafuta ya nazi, akakunja mikono ya baibui, akapanda kitandani akakaa nyuma ya mumewe, akamkalisha wima na kumwegemeza kifuani pake. Ute wake ulimlowesha mpaka ndani.

"Mnyweshe kombe," alisema. "Kidogo kidogo, nikikwambia."

Musab alikaza meno. Mwalimu akamtia kidole kinywani kwa pembeni, kombe likapita, na tumbo likajibana lote kama ngumi. Rawiya aliungoja uchungu ufike, akasukuma kwa viganja kutoka chini kwenda juu, ukapoa, akapumzika, ukaja mwingine, akasukuma tena, akimwambia mumewe sikioni yale yale aliyowaambia wanawake wote, vuta pumzi, usiogope, sasa, na Mwalimu akinywesha na kusoma, na ile nundu ikipanda kifuani ikionekana wazi chini ya ngozi, ikafika shingoni, na shingo ikafura hadi macho ya Musab yakatoka, na taya zikatanuka kwa mlio, na kwanza zikatoka nywele, ndefu, zenye majimaji, zikaning'inia kidevuni, kisha ule uvundo wote wa siku tano ukafunguka chumbani kwa pamoja, na Rawiya akapenyeza vidole viwili pembeni mwa midomo ya mumewe, akaushika utosi laini kama nyama ya chaza, akavuta.

Kikatoka, kikamwangukia mapajani. Musab akapumua.

Kilikuwa cheupe, ngozi yake inaonyesha mpaka ndani. Kilikuwa na uso, nao ulikuwa umezibwa na makamasi mazito ya kijani. Miguu haikutengana. Kifua chake kidogo kilivuta, kikavuta, hakikupata pumzi, na rangi yake ikaanza kuwa ya majivu.

Nje mlango ulikwaruzwa. Mara moja tu.

Zahanati ya Kiwayu ina kimpira cha kuvutia kamasi za watoto wachanga. Hapa hapakuwa na kitu. Mwalimu Gharib alikuwa amefumba macho, anasoma, machozi yanamtoka. Rawiya alikitazama kile kiumbe, na kila kilichokuwa ndani yake, toka kucha mpaka utosini, kilikataa. Kisha akainama, akakifunika mdomo na tundu za pua kwa mdomo wake, akavuta.

Ladha ile hakuwahi kumweleza mtu, ila kwamba ilikuwa na uzito, na kwamba ilikuwa na joto wakati kiumbe chenyewe ni baridi. Akatema sakafuni. Akavuta tena, kitu kirefu kikamjia ulimini kama uzi usiokwisha. Akakitoa kwa kidole, akatema. Mara ya tatu kiumbe kilipiga chafya usoni pake, kikalia. Kilio kilikuwa chembamba, kibaya, kama msumari unaong'olewa kwenye ubao mbichi. Kikajisokota, kikapanda kifuani pake, kikaanza kutafuta ziwa.

Alikizungushia leso yake. Akafungua mlango akatoka.

Jua lilikuwa la utosini. Kwenye ukanda mwembamba wa kivuli, ukutani, alisimama mama wa kile kiumbe. Rawiya hakuinua macho. Aliona miguu mirefu iliyopasuka kwa mwendo, nyama inaonekana, na nywele zinazofika chini zikichirizika, na matone meusi ya maziwa yakidondoka na kutoboa mchanga. Akanyoosha mikono. Mzigo ukachukuliwa. Kisha akasikia kulamba, kwa muda mrefu, kutoka kichwa mpaka miguu, na kilio kikanyamaza. Alitaka kurudi ndani, lakini mkono baridi ulimshika kifundo cha mkono. Ulimi mpana wa kukwaruza ukampita kiganjani, baina ya vidole, kiganja cha pili, kisha kidevuni na mdomoni alikokuwa amechafuka, ukimsafisha bila kuacha mahali, kama paka anavyomsafisha mwanawe. Rawiya alisimama amefumba macho, akisema moyoni kwamba hatatapika, hatatapika mbele ya mzazi. Mkono ulipomwachia, kivulini hapakuwa na mtu. Ndipo akatapika.

Musab alilala siku tisa, akapona. Koo lilibaki na makovu, na sauti yake mpaka leo ni ya kunong'ona. Alimwomba mkewe msamaha kwa uongo wake, naye Rawiya akamsamehe, ingawa ilipita karibu mwaka ndipo akaweza kulala amemwelekea. Hawajawahi kubusiana tena, na hakuna kati yao aliyewahi kulitaja jambo hilo.

Boti ikanunuliwa. Ina shira la bluu la kukinga jua na mashine mpya ambayo Mwalimu Gharib aliifunga mwenyewe. Imepeleka wazazi arobaini na mmoja hospitali, na hakuna hata mmoja aliyepotea, mama wala mtoto. Nahodha wake, Bwana Fadhil, hulisimulia hili kwa fahari. Lingine hulisema kwa sauti ya chini. Anasema usukani wakati mwingine hujigeuza ukakwepa fungu la mchanga ambalo yeye hakuliona. Anasema siku moja mafuta yaliisha katikati ya mkondo, na boti haikupunguza mwendo. Na kila akiwapo mwenye uchungu, hata awe ametoka kuoga na kujifukiza udi, boti hunuka. Wameisugua kwa sabuni, kwa chumvi, kwa maji ya ndimu, wakaipaka rangi upya. Uvundo huja pale pale mzazi anapokanyaga ndani, ukakaa mpaka afike, na upande wa nyuma, chini ya maji, kitu hupiga taratibu kwenye ubao, chwa, chwa, chwa.

Wazazi hulalamika, hutapika, lakini hupanda. Rawiya huketi nao. Hutoa kichwa nje ya boti akatapika na yeye, akajifuta mdomo kwa leso, kisha akageukia maji yale nyuma akatoa salamu kwa adabu, kama mtu anavyomwamkia mkunga mwenzake, halafu akamshika mzazi mkono.